Kula Bia, Kula Kikoa, na Hesabu ya Meza Kubwa

Iko desturi moja katika miji mikubwa ya Marekani na Uingereza, ambayo sasa yajulikana hata katika hoteli za Nairobi na Dar es Salaam. Marafiki wengi, labda wanane, labda kumi na wawili, hukutana mkahawani siku ya Jumamosi au Jumapili, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakala chakula ambacho si cha asubuhi wala si cha adhuhuri. Neno lake la Kiingereza limeungwa kwa majina ya vyakula hivyo viwili, nalo kwa matamshi yetu ni branchi. Vijana wetu waliokwenda ng'ambo kwa masomo au kwa kazi waijua sana desturi hii, na wako waliorudi nayo.

Labda mtu atasema, Chakula ni chakula tu, ya nini kukiandikia habari ndefu? Twamjibu ya kuwa mezani ndipo tabia ya mtu huonekana upesi kuliko mahali pengi. Mtu aweza kuificha choyo yake sokoni, na kiburi chake aweza kukificha barazani; lakini sahani ikiwekwa mbele yake, na baadaye karatasi ya hesabu ikiletwa, yaliyomo moyoni hutoka nje. Basi swali tulilo nalo leo ni hili: watu wengi wakila pamoja, na mali zao hazilingani, ni haki gani iwatawale katika kulipa? Tena, je, kugawa sawasawa ni kutenda haki sikuzote?

Kwanza yafaa tujue asili ya mlo huu. Mwaka 1895 Mwingereza mmoja, jina lake Guy Beringer, aliandika maneno ya kuutetea katika gazeti la Hunter's Weekly. Watu wa kwao walizoea kurudi kutoka ibadani siku ya Jumapili wakakuta chakula kizito cha nyama. Yeye alitoa shauri kwamba afadhali mlo uanze karibu na adhuhuri, kwa chai au kahawa na vyakula vya asubuhi, ndipo vile vizito vifuate. Wala hakuficha ya kuwa aliwafikiria wale waliokesha katika anasa usiku wa Jumamosi, wapate kulala zaidi. Lakini alileta na sababu nyingine iliyo njema kuliko hiyo: ya kwamba mlo wa namna hii huwachangamsha watu, huwafungua vinywa wapate kuongea, na kuwaondolea taabu za juma zima.

Desturi hiyo ikavuka bahari, ikashika mizizi Marekani katika karne ya 20, na mji wa New York umekuwa kama makao yake makuu. Hata sheria imepinda ili kuipisha. Mpaka mwaka 2016 sheria ya Jimbo la New York ilikataza mikahawa kuuza vileo kabla ya adhuhuri siku ya Jumapili. Mwaka huo ikabadilishwa, ikawa ruhusa tangu saa nne asubuhi, na watu wakaiita sheria ile kwa jina la mlo wenyewe.

Hapa wengine watataka tuseme neno moja la kukemea, tukomee hapo, kwa kuwa saa ya mlo huu ni saa ya ibada. Ni kweli, na kila Mkristo ajua la kufanya kengele ikilia. Walakini, mwenye kuikemea saa peke yake hajaigusa meza yenyewe. Wako waendao Jumamosi. Wako waendao baada ya kutoka kanisani, tena kundi zima la waimbaji pamoja. Hao nao, hesabu ikiletwa, watakutana na swali lile lile. Kwa hiyo na tuiache saa, tuitazame meza.

Tuanze kwa kusema wema wake. Mtu akaaye katika mji wa kigeni, katika chumba kimoja ghorofani, ambaye kutoka Jumatatu hata Ijumaa huzungumza na mkubwa wake wa kazi tu na mashine, huyo hana baraza, hana jirani wa kumwazima chumvi, hana shangazi wa kumuuliza, Mbona umekonda? Kwake yeye meza ya watu wanane siku ya mapumziko si anasa, bali ni badala ya ukoo. Hapo ndipo hupata habari ya kazi na habari ya chumba, hapo husikia ni nani aliyefiwa, hapo hucheka. Sisi tuliolelewa kwenye sinia moja hatuwezi kuudharau mlo wa watu wengi. Hata Dkt. Martin Luther alikuwa na meza kubwa kule Wittenberg, katika nyumba iliyokuwa zamani ya watawa. Wanafunzi na wageni walikula hapo, wengi wao wakilipa posho, na maongezi yao yakakusanywa, yakapigwa chapa mwaka 1566, miaka 20 baada ya kufa kwake. Watu huyasifu sana maneno aliyoyasema Luther mezani. Ni wachache wamkumbukao mkewe, Katharina von Bora, aliyelima bustani, akafuga ng'ombe na nguruwe, akatunza fedha, ili meza hiyo ipate kusimama. Neno hilo tutalirudia mbele, kwa maana kila meza kubwa ina mtu asiyeonekana.

Sasa tuje kwenye hesabu. Lugha yetu ya Kiswahili ni tajiri katika jambo hili kuliko vijana wengi wajuavyo. Wazee wa pwani walikuwa na kula bia, wala bia hiyo si kinywaji, bali ni shirika: kila mmoja hutoa fungu lake, chakula kikanunuliwa, wakala wote. Tena walikuwa na kula kikoa, yaani kulishana kwa zamu: leo wala kwangu, kesho kwako, kesho kutwa kwa fulani, mpaka zamu imerudi. Mkahawani nako njia ni tatu. Ya kwanza, jumla yagawanywa sawasawa kwa idadi ya vichwa; hii ni kula bia. Ya pili, kila mtu alipa alichokula yeye. Ya tatu, mmoja awalipia wote, na pengine siku nyingine mwingine hufanya vivyo hivyo. Hii yakaribia kikoa. Na tuzipime moja moja.

Kugawa sawasawa ndiyo njia ipendwayo na makundi makubwa, nayo ina sura nzuri. Ni ya upesi. Haimpi mhudumu taabu ya kuandika karatasi nane. Haiwafanyi marafiki wakae na kalamu, wakiulizana ni nani aliyekunywa maji ya machungwa. Yaonekana kama udugu. Lakini tuseme watu 8 wameketi. Saba kati yao wameagiza mayai, nyama, mikate ya kukaanga na vinywaji, kila mmoja vitu vya dola 30. Wa nane ni mwanafunzi. Amekwisha lipa kodi ya chumba, na fedha nyingine ametuma nyumbani kwa ajili ya ada ya mdogo wake. Ameagiza kahawa na mkate, vitu vya dola 10. Jumla ni dola 220. Tuongeze kodi ya serikali na bakshishi, tuseme robo ya jumla, yaani dola 55. Zatimia dola 275. Mtu mmoja asema kwa furaha, Tugawe kwa nane! Basi kila mmoja alipa dola 34 na senti 37 na nusu.

Angalieni yaliyotendeka. Haki ya yule mwanafunzi ilikuwa dola 12 na nusu. Amelipa zaidi ya 34. Amepoteza karibu dola 22, labda chakula chake cha siku nne. Na wale saba, je, wamepata faida gani? Kila mmoja haki yake ilikuwa dola 37 na nusu. Amepunguziwa dola 3 na senti kidogo. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona faida hiyo, wala aliyeitamani. Ukimwuliza mmoja mmoja, Je, umemdhulumu ndugu yako? atashangaa, tena ataapa kwamba sivyo. Hapa pana neno la kufikiriwa sana. Dhuluma tuliyofundishwa kuiogopa ni ile ya mtu mmoja kumnyang'anya mwingine. Huyo ana jina, na mkono wake waonekana. Lakini iko dhuluma iliyogawanywa vipande vidogo mno, hata kila mtu akichukua kipande chake hakihisi mkononi, ila yule mmoja aliyevichangia vyote amebebeshwa mzigo mzima. Tena hufanyika kwa kicheko, na kwa jina la usawa.

Wako waliolipima jambo hili kwa majaribio. Wataalamu watatu, Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe, walitoa habari ya jaribio lao mwaka 2004, lililofanywa mkahawani nchini Israeli. Waliwaketisha watu sita sita wasiojuana. Vikundi vingine viliambiwa ya kuwa kila mtu atalipa chake. Hao waliagiza vitu vya shekeli 37 hivi kwa kila mtu. Vingine viliambiwa kwamba jumla itagawanywa sawa. Hao waliagiza vitu vya shekeli 51 hivi. Vingine viliambiwa kuwa havitalipa lo lote. Hao wakaagiza vya shekeli 82. Tena ilionekana kwamba wengi wao walipoulizwa mbele waliona ni afadhali kila mtu alipe chake.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Watu wakiwa sita na hesabu ikigawanywa, atakayeongeza kinywaji cha shilingi 6,000 yeye mwenyewe atatoa 1,000 tu, na 5,000 zatoka katika mifuko ya wenzake. Kila mmoja aona kwamba kinywaji ni rahisi. Wote wakiona hivyo, wote huagiza, na mwisho wote hulipa zaidi ya walivyotaka. Mwenye kiasi huadhibiwa kwa kiasi chake, naye baada ya kuadhibiwa mara mbili huanza kujiambia, Kwa kuwa nitalipa vya wengine, na mimi niagize. Ndivyo meza imfunzavyo mtu choyo ambayo hakuja nayo.

Labda mtu atapinga akisema, Ninyi mwahesabu senti, lakini urafiki hauhesabu. Mwenye kuhesabu mbele ya rafiki ameuvunja urafiki. Maneno haya yana utamu, nasi hatuyakatai yote. Lakini tuulize, ni nani ayasemaye? Mara nyingi ni yule ambaye dola 20 kwake ni kitu kidogo. Wahenga walisema, Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kutokuhesabu ni anasa ya mtu aliye na akiba. Mwenzake ahesabu sikuzote, tangu aliposoma orodha ya vyakula, na alihesabu pia alipokuwa akicheka pamoja nanyi. Kwa hiyo kusema, Tusihesabu, si kuiondoa hesabu mezani. Ni kumwachia mmoja aibebe peke yake, kwa siri. Wahenga hao hao walisema, Udugu ni kufaana, si kufanana. Kugawa sawasawa ni kufanana. Kufaana ni kitu kingine.

Mwalimu wa kale wa Wayunani, Aristotle, alikwisha kuonyesha ya kwamba haki ya kugawa haimaanishi kumpa kila mtu fungu moja, bali kila mtu kwa kadiri yake; na wasiolingana wakipewa sawasawa, hapo ndipo magomvi huzaliwa. Wazazi wetu wayajua hayo bila kitabu. Mama hawagawii sawasawa mtoto wa miaka mitatu na kijana atokaye shambani, wala hakuna amwitaye dhalimu.

Basi, je, tuseme njia ya pili ndiyo ya haki, kila mtu alipe chake? Kwa habari ya fedha, ndiyo. Nayo siku hizi ni nyepesi, kwa kuwa watu waweza kutumiana fedha kwa simu kabla hawajainuka kitini. Ila nayo ina upungufu wake. Mikahawa mingi haipendi kuitenga hesabu ya watu kumi na wawili, maana mhudumu aweza kukosea, na wengine wangojea meza mlangoni. Tena kuna upungufu mkubwa zaidi: watu waweza kuketi meza moja, kila mmoja akala chake na kulipa chake, wasile pamoja kabisa. Mmoja ana sahani iliyojaa, na jirani yake ana kikombe cha kahawa kilichokwisha poa. Hakuna aliyedhulumiwa hata senti moja, walakini kuna aliyeaibishwa.

Jambo hili si jipya. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto habari yake. Hao nao walikuwa kundi kubwa waliokutanika kula, wala hawakuwa sawa kwa mali. Wenye nyumba na nafasi walitangulia kula vyao, na waliochelewa, labda kwa sababu ya kazi na utumwa, walikuta makombo. Huyu alikuwa na njaa, na huyu amekwisha kulewa. Kila mmoja alikula chake mwenyewe, nao hawakuvunja sheria yo yote ya mali. Lakini Mtume hawakusifu. Aliwaambia kwamba wamewaaibisha wasio na kitu. Na dawa aliyowapa ilikuwa nyepesi mno: wangojane. Katika New York mikahawa mingi haiwapi wageni meza mpaka kundi lote limetimia, na vijana hunung'unika mlangoni. Kanuni hiyo imewekwa kwa ajili ya biashara, lakini yafundisha neno jema kuliko iliyokusudia. Kungojana si kwa saa tu. Kuna kumngojea mtu kwa mfuko wake.

Tuje kwenye njia ya tatu, mmoja kuwalipia wote. Kwetu sisi hii ndiyo desturi ya asili: anayekaribisha ndiye alishaye. Ni njia yenye heshima, na mwenye nacho akiitenda kwa moyo mweupe ametenda vema. Lakini ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni wa mtoaji: kidogo kidogo fedha yake yapata sauti; yeye ndiye achaguaye mahali, mzaha wake huchekewa na wote, wala hakuna amkosoaye. Bwana wetu aliliona hilo, ndiyo maana alimwonya mwenye kuandaa chakula asiwaite rafiki na majirani matajiri watakaomlipa, bali awaite wasioweza kulipa. Mtego wa pili ni wa mpokeaji: ajionapo analishwa kila juma bila kurudisha, moyo wake hupinda, ama huanza kujipendekeza, ama hutafuta udhuru asije tena.

Ndiyo sababu twaona kwamba wazee walikuwa na akili walipoweka kikoa. Katika kikoa hakuna karatasi ya hesabu, walakini hakuna asahauye. Mlafi hujizuia, maana ajua zamu yake yaja. Na aliye maskini hashindani na tajiri kwa kadiri ya chakula. Zamu yake ikifika atapika muhogo na dagaa, na wenzake watakula muhogo na dagaa, nao watashukuru. Utu wake umehifadhiwa kwa sababu yeye pia ni mwenyeji. Kula bia humwuliza mtu, Una kiasi gani? Kikoa humwuliza, Una nini cha kutukaribishia? Swali la pili lina heshima kuliko la kwanza, kwa kuwa hakuna nyumba isiyo na jibu lake. Kundi la marafiki wa mjini laweza kufanya hivyo bila shida: juma moja mkahawani, na juma la pili chumbani kwa mmoja wao, kwa chai na viazi. Labda wataona kwamba maongezi ya chumbani hayakupungua utamu.

Sasa tulirudie neno tuliloliahidi, habari ya mtu asiyeonekana. Katika meza kubwa ya mkahawa yuko mhudumu, na nyuma ya ukuta yuko mpishi. Mayai ni chakula kisichongoja. Hupikwa kwa amri ya kila mtu, moja liive, moja lisiive sana, nayo hupoa upesi. Watu kumi na wawili wakiagiza kwa wakati mmoja, mpishi ana kazi kumi na mbili zitakiwazo kuisha katika dakika moja. Anthony Bourdain, aliyekuwa mpishi New York, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2000, Kitchen Confidential, jinsi wapishi wauchukiavyo mlo huu wa Jumapili. Na kwa sheria ya shirikisho la Marekani, mwenye mkahawa ana ruhusa kumpa mhudumu apataye bakshishi mshahara wa dola 2 na senti 13 tu kwa saa. Kiasi hicho hakikubadilika tangu mwaka 1991, ingawa majimbo mengine yameweka zaidi. Bakshishi zisipomfikisha kwenye dola 7 na senti 25, mwenye mkahawa ni sharti aongeze. Kwa hiyo katika nchi hiyo bakshishi si fadhila ya mgeni. Ni sehemu ya ujira.

Nalo laingia katika hesabu ya meza kwa njia ambayo wengi hawaioni. Kila mtu akitoa anachodhani ni chake, akasahau kodi, akasahau bakshishi, jumla hupungua. Na kinachopungua hakiwapunguki walaji, humpungukia yule aliyesimama saa mbili akiwachukulia vikombe. Ndiyo maana mikahawa mingi huandika yenyewe nyongeza ya huduma kwa kundi la watu sita au wanane na zaidi. Tumeona ya kuwa mezani dhuluma iliyogawanywa humwangukia aliye dhaifu kati ya walaji. Hapa twaona inaweza kumwangukia asiyeketi kabisa. Ni kanuni moja: mahali penye watu wengi, deni lisilo na mwenyewe humwendea asiye na sauti.

Basi tuseme nini kwa vijana wetu, na kwa sisi wazee tuwaalikao wenzetu katika arusi na vikao vya michango? Maana jambo hili si la mkahawani peke yake. Kamati ikikaa na kusema, Kila mmoja atoe kiasi hiki, nayo haikuuliza hali ya mtu, imefanya kama wale saba wa meza yetu. Twatoa maneno haya machache.

Kwanza, shauri la kulipa lifanywe kabla ya kuagiza, si baada. Aliyeambiwa mapema ana uhuru. Aliyeambiwa baada ya kula ana aibu tu. Kusema maneno ya fedha mlangoni si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni kumnyamazia mtu mpaka amenaswa.

Pili, mahali pachaguliwe kwa kumtazama aliye na kidogo, si aliye na kingi. Mwenye kingi hatakufa kwa kula mahali pa bei nafuu mara moja. Mwenye kidogo akilazimishwa mahali pa ghali ataumia mwezi mzima.

Tatu, neno la kutotoa sawasawa lisemwe na yule aliyekula zaidi. Huyo ndiye awezaye kulisema bila kujivua nguo mbele ya watu. Akisema, Mimi nimeagiza vingi, nitoe zaidi, amemwokoa mwenzake, wala hakumtaja jina. Twajua methali, Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi twamshauri aliye na shida aseme kwa rafiki mmoja amwaminiye. Lakini mzigo wa kusema usiwekwe mabegani pa aliyekwisha lemewa. Paulo hakuwakemea wenye njaa kwa kunyamaza kwao, aliwaambia walioshiba.

Nne, asihesabiwe mtu kuwa mchoyo kwa sababu amekunywa chai tu. Mwenye kuketi na chai saa mbili ili awe nanyi amelipa kwa kitu kilicho bora kuliko fedha.

Tano, ujira wa mhudumu uhesabiwe kwanza, kabla ya kugawa, usiachwe kuwa makombo.

Tumalize kwa kusema neno lililotusukuma kuandika. Kundi la marafiki halivunjiki kwa kishindo. Mtu mmoja hupeleka habari kwamba wiki hii ana kazi. Wiki ya pili ana homa. Wiki ya tatu hakuna amwulizaye, na kiti chake huwekewa mfuko wa mtu. Wanaobaki husema, Fulani amebadilika, siku hizi hapendi watu. Fulani hakubadilika, alifanya hesabu. Nao hawakumfukuza, wala hawakumtukana, wala hawakumchukia. Walimpoteza kwa dola tatu tatu, wakiwa wanacheka.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mtakapoketi wengi mahali po pote, iwe mkahawani New York, iwe hotelini Dar es Salaam, iwe chini ya mwembe baada ya ibada, tazameni viti kwanza, ndipo mtazame sahani. Ulizaneni, Ni nani aliyekuwa akija, na sasa haji? Na mkimkumbuka, mmoja wenu ainuke, aende akabishe hodi kwake. Wala asimpe fedha. Amwambie, Juma lijalo twaja kwako, tupikie chai.